Mwaka Niliogawa Panya

Rafiki yangu Namkunda tulimzika Kisiwani, siku ya Jumatano, kwenye jua la tambarare ambalo sisi watu wa milimani hatulizoei hata tukiishi chini miaka arobaini. Watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, binti yake wa kwanza, Upendo, alinivuta nyuma ya nyumba penye kivuli, akatoa simu. "Mama mdogo Nakijwa," akaniambia, ingawa hatuna udugu wowote wa damu, "mama aliniagiza nikikuona nikuonyeshe kazi ninayofanya kule ng'ambo. Alisema hapa hakuna atakayeielewa kama wewe." Nikavaa miwani. Kwenye simu palikuwa na panya mweupe, macho mekundu, amekaa ndani ya sanduku la plastiki lililo safi kuliko jiko langu. "Huyu," akasema Upendo, "damu inayozunguka mwilini mwake ni ya binadamu." Jamani! Nilisogeza simu karibu na pua. Nikamuuliza Upendo, na panya mwenyewe anaikubalije damu hiyo? "Hana cha kukatalia," akanijibu. "Panya wa kawaida ukimtia seli za mtu, askari wa mwili wake wanazishambulia mpaka ziishe. Hawa tumewabadilisha vinasaba tangu mababu zao, wanazaliwa hawana askari. Basi tunachukua seli shina, zile mbegu zinazozaa damu yote, kutoka kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa, tunamdunga panya. Zinakwenda kukaa ndani ya mifupa yake na kuanza kutengeneza damu ya mtu. Hapo tunaangalia kinga ya binadamu inavyojengeka na inavyovunjika, bila kumgusa binadamu." Nikamuuliza wanakula nini. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama alisema lazima utauliza hilo."

Nilicheka naye, kisha machozi yakanitoka, maana mimi panya wasio na askari niliwahi kuwaona kwa macho yangu kabla Upendo hajazaliwa. Wa kwangu hakuna aliyewabadilisha kitu. Walijitokeza wenyewe mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kwa sababu yao nilisema mbele ya watu maneno ambayo mpaka leo sijui kama nilipaswa kuyasema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mhudumu katika maabara ya hospitali moja ya misheni juu milimani, upande wa Myamba. Ya wazazi na ukoo wangu sitayasimulia, hayana ajabu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu, kwa sababu mafuta ya taa hayakupatikana na darubini ilitegemea jua la asubuhi kwenye kioo chake. Chumba cha pili, kidogo, kilikuwa cha panya weupe. Watu wengi kwetu waliugua homa ya papasi, na damu ya mgonjwa ikiwa na vidudu vichache mno kuonekana, ulimdunga panya tone lake, ukasubiri siku mbili tatu, kisha ukampima panya. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Elisante, fundi wa maabara, mtu mrefu mwenye sweta moja na msimamo mmoja: kila kitu kiandikwe. Karatasi zilikuwa adimu, basi tuliandika migongoni mwa kadi za wagonjwa wa zamani. Mimi nililisha panya, nikaosha masanduku yao kwa majivu kwa kuwa sabuni ilikuwa ya wodi ya wazazi tu, na mchana nilikula nao chakula kimoja. Sitanii. Makande yasiyo na mafuta wala nazi, mahindi mengi maharage ya kuhesabu, nusu yangu, nusu yao, juu yake chai ya mchaichai isiyo na sukari.

Masika ilipokwisha, daktari wetu mgeni alikwenda kwao likizo, na barabara ya kupandia mlimani ilikuwa imekatika. Mahindi ya hospitali yakabaki ya wagonjwa tu. Bwana Elisante akaniambia, "Nakijwa, acha wawili, wengine tuwaue. Siwezi kumnyima mgonjwa uji nikampa panya." Alikuwa na haki. Lakini wawili si mbegu, yeyote aliyefuga anajua. Nikamwomba siku tatu. Kwetu Upareni mtu mwenye mbuzi hawaweki wote zizi moja. Wawili anampa shemeji yake ng'ambo ya bonde, mmoja jirani, watatu rafiki wa tambarare, wamfugie. Ugonjwa ukiingia kwako, mbegu yako iko salama kwa wenzako, na aliyekufugia ana faida yake. Kila mwenye mbuzi ana alama yake ya kukata sikio, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nani ni wa nani. Mimi nikafanya hivyo hivyo kwa panya wa maabara. Nikachukua wembe, nikawakata masikio kwa vijialama vya nyumba mbalimbali, nikawagawa dume na jike katika nyumba tano za kijiji, kila jozi ndani ya debe lenye wavu. Watu walinicheka mpaka wakakaa chini. "Sisi tunaua panya ghalani, wewe unatuletea wengine?" Nikawaahidi kila atakayenirudishia wazima na watoto wao atapata kipande cha sabuni ya hospitali. Sabuni yenyewe sikuwa nayo, wala ruhusa ya kuitoa sikuwa nayo. Ujana bwana!

Nyumba ya tano ilikuwa ya Namkunda. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, mke wa Eliakimu, seremala mpole ambaye akikusalimia alikuwa akiondoa vumbi la mbao mikononi kwanza. Walikuwa wamezaa watoto wawili wa kiume, na wote wawili walikufa kabla ya kutimiza mwaka: utando mweupe mdomoni, kifua, kuhara, homa juu ya homa. Wodini nilisikia manesi wakimsema kwamba haoshi vyombo. Mama mkwe wake, Bibi Nampombe, alisema zaidi ya hapo. Kwamba mwanamke yule nyumba yake hailei. Hata hivyo nilipopita na debe la mwisho nikitaka kulipeleka kwa jirani, Namkunda alinizuia mlangoni. "Niachie hao," akasema. "Nataka nione kitu kinakua humu ndani." Chumba chao kilikuwa na kitanda alichokichonga Eliakimu, na pembeni yake kitanda kidogo cha mtoto chenye nguzo nne, kimefunikwa khanga. Debe tukaliweka chini ya kile kitanda kidogo. Laiti ningejua nilichomwachia.

Jozi za nyumba nyingine zilizaa, watoto wakanenepa kwa pumba na makombo. Ya Namkunda ilizaa vizuri pia, wanane, lakini wiki ya tano wawili wakaanza kusimama manyoya, macho yakaganda, pumzi ikawa inakwaruza, wakafa. Mzao wa pili wakafa watatu. Hawa walizaliwa tumbo moja na wenzao, wamelala majani yale yale, wamekula makande yale yale, na wenzao walikuwa wanaruka tu. Nilijua hayo kwa sababu Namkunda alinihesabia kila asubuhi kwa sauti ndogo. Siku ya msaragambo, kijiji chote kilipotoka kuzibua ndiva yetu, lile bwawa la kukinga maji ya mashamba, nilikuwa nimeinama kwenye tope nikasikia akina mama nyuma yangu. "Nyumba ile sasa hata panya hawaishi." "Panya! Mnyama ambaye huwezi kummaliza hata kwa sumu." "Nampombe amesema mahindi yakishavunwa ukoo unakaa, anarudishwa kwao." Namkunda alikuwa hatua kumi kutoka pale na jembe lake. Alisikia. Aliendelea kuchimba. Nami nikasimama kwenye maji nimejaa aibu, kwa sababu waliokuwa wamewapa ushahidi wa mwisho ni panya wangu.

Huruma ilikuwepo, ndiyo, lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine. Nilitaka kujua. Kwa nini wawili au watatu na si wote? Uchafu ungeua kwa kuchagua? Kesho yake nilikwenda kwa Namkunda, nikamwambia, "Tubadilishane." Nikachukua jozi yake nikaiweka chumbani kwangu, penye sakafu ya saruji niliyoipiga deki kila siku. Yeye nikampa jozi kutoka nyumba nyingine. Tukasubiri. Mimba ya panya ni wiki tatu, lakini kungoja watoto wafike umri wa kufa ni kungoja kubaya. Mezani kwa Namkunda tuliongea panya tu, Eliakimu akikaa pembeni na kikombe chake, mara moja akasema, "Nakijwa, unawapenda panya kuliko watu." Nikamjibu, "Panya hawaniambii maneno ya uongo, kaka." Alicheka. Ndiyo nyumba niliyoipenda mwaka ule kuliko zote.

Chini ya kitanda cha mtoto, kwa Namkunda, walikua wote kumi, wanene, weupe, bila kukohoa. Chumbani kwangu, juu ya saruji, wawili wakafa vile vile. Nilikimbia kumwambia, nikajikwaa, nikachana gauni. "Si nyumba yako! Si mikono yako!" Namkunda alikaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu mtoto wa kwanza.

Bwana Elisante alipogundua kwamba nina panya chumbani alinigombeza kwa nusu saa. Kisha nikampa zile kadi nilizoandika migongoni. Alizisoma, akazipanga upya mezani. "Kwa alama za masikio yao," akauliza, "hawa dume na jike wametoka wapi?" Nikaangalia daftari la panya. Ndugu. Mzao mmoja, nilikuwa nimewachukua sanduku moja bila kufikiri. Akasema leta mmoja anayeumwa. Asubuhi iliyofuata, jua lilipogusa kioo cha darubini, alitazama tone la damu muda mrefu mno, halafu akanipisha. Nilikuwa nimekwisha kuzoea damu: nyekundu tele, na katikati yake zile chembe nyeupe ndogo za mviringo, zenye kiini cheusi kilichojaa. Nilisogeza kioo huku na huku. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Zile ndogo za mviringo karibu hazikuwepo. "Hao ndio wanaopigana na magonjwa," akasema Bwana Elisante. "Huyu kazaliwa bila wao." Hakuniambia zaidi, kwa kuwa hakujua zaidi. Lakini nilimwona anafuta kioo na kuinama kutazama tena, na ndipo nilipojua kwamba hata watu wazima hushangaa.

Lilibaki swali moja, na hilo, namwambia kila mtu kweli, hakuna aliyenituma kuliuliza. Nikawatenganisha wale ndugu. Jike nikampa dume wa nyumba nyingine. Dume nikampa jike mwingine. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani, ukoo wa Eliakimu ulikuwa umekwisha kutaja siku. Jike akazaa tisa, wakaishi wote. Yule dume akapata saba, wakaishi wote. Kumbe kasoro walikuwa nayo wote wawili, imelala, kila mmoja mzima kabisa peke yake, na ilikuwa ikiamka pale tu wanapokutana. Nilikumbuka jambo lililokuwa likijulikana kijijini na kunyamaziwa: bibi yake Namkunda na bibi yake Eliakimu walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kikao kilikaa sebuleni kwa Bibi Nampombe, chumba chenye viti vya mbao alivyochonga mwanawe, kalenda ya kanisa ya miaka mitatu iliyopita, na sinia la ndizi za kuchemsha ambalo hakuna aliyeligusa. Namkunda alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango. Mimi sikualikwa. Nilibisha hodi, nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikaweka kapu katikati, nikafunua. Panya kumi wanene. "Hawa wamekua chini ya kitanda cha Namkunda," nikasema. Nikaeleza yote, kadi mkononi. Niliendelea mpaka mwisho, kwa sababu kitu unachokijua kwa kukiona mwenyewe kinakupa nguvu. Wazee walisikiliza. Mmoja akainama kuwatazama panya kwa karibu, akatikisa kichwa kwa mshangao. Bibi Nampombe akangoja nimalize. "Kwa hiyo si uchafu," akasema polepole. "Ni damu yake. Mbaya zaidi. Sabuni haitoi."

Weee! Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimemwondolea Namkunda kosa moja nikamvika jingine. Damu ilinipanda usoni nikasema, "Bibi, jike peke yake hakuua mtoto hata mmoja. Dume naye alikuwa nayo." Eliakimu aliinua macho. Mzee wa pembeni akauliza, "Binti huyu anasema nini?" Hapo ningenyamaza. Namkunda alikuwa ameokoka, au alau mzigo ulikuwa umegawanywa. Lakini nilikuwa kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu ambalo darasa zima limeshindwa, siwezi kushusha mkono. "Na ukiwatenganisha," nikasema, "kila mmoja akapata mwenzake mwingine, watoto wao wanaishi wote. Nimejaribu. Tisa na saba." Niliyasema kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, sitaficha. Sikumtazama Namkunda wala Eliakimu. Nilikuwa nawatazama panya.

Ukoo haukumrudisha kwao. Walitoka pale bila uamuzi, kila mtu anaangalia miguu yake. Siku ya tatu Namkunda aliondoka mwenyewe. Nilimkuta kwenye njia ya kuteremkia Kisiwani, mkeka kichwani, begi mkononi, Eliakimu amemsindikiza mpaka kwenye kona ya mwisho ambapo tambarare inaonekana yote. Hawakuwa wanagombana. Walikuwa wamesimama tu. Namkunda aliponifikia alinishika shavu, akasema, "Nakijwa, asante," nami sikuweza kumuuliza asante ya nini.

Daktari alirudi mwaka ulipokuwa unaisha. Alisikia habari za kugawa panya vijijini akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaamuru wote wakusanywe wauawe, akaleta wengine kutoka mjini, maana sasa maduka yalikuwa yameanza kupata vitu, sabuni ya kila rangi, hata biskuti. Kadi zangu alizisoma, akasema inavutia, akaziweka kabatini. Sikuziona tena. Bwana Elisante aliniandikia barua ya kwenda chuo, na kazi ya maabara nikaifanya Same mpaka nikastaafu. Vipande vitano vya sabuni nilivilipa kutoka mshahara wangu wa kwanza.

Hayo yote nilimsimulia Upendo pale kivulini, Kisiwani, simu yake ikiwa bado mkononi mwangu. Alikuwa anayajua mengi, ingawa baba yake ni mume wa pili wa Namkunda, aliyempata huko tambarare. "Nilijipima," akaniambia. "Ile kasoro ninayo, nusu yake, kutoka kwa mama. Hainidhuru. Watoto wa aina ile ya kaka zangu siku hizi wengine wanapona. Wanapewa seli shina za mtu mwenye kinga kamili, na sisi kwenye panya ndiko tunakotafuta namna ya kuzifanya zikae vizuri zaidi." Aliwaita kaka zake, wale wawili ambao hakuwaona. Akaniomba nimpeleke kwenye makaburi yao.

Tulipanda Myamba Ijumaa. Eliakimu yuko hai, mzee sasa, bado anaondoa vumbi la mbao mikononi kabla ya kukusalimia. Uwanja wake ulijaa wajukuu. Upendo akasema, "Shikamoo baba," akajitambulisha mtoto wa nani, akampa habari za msiba. Mzee alikaa kwenye benchi. Kisha akauliza kwa Chasu, lugha yetu ya Upareni, akinitazama mimi, kwa sababu binti alikulia tambarare na Chasu yake ni ya kubabaisha: "Alipata wangapi?"

"Wanne," nikajibu.

"Wote wapo?"

"Wote."

"Mimi watano. Wote wapo." Akatazama upande wa makaburi mawili madogo, yaliyopaliwa vizuri, hayana jani hata moja. "Panya wako walisema kweli, Nakijwa. Ila mimi nilikuwa nampenda mke wangu."

Njiani tukiteremka Upendo aliniuliza mzee alisema nini. Nikamtafsiria yote, hata hilo la mwisho.